Seremala Aliyekufa Mara Tatu

Asiyekuwepo na lake lipo. Najua wahenga walisema halipo, na mwalimu wetu wa shule ya msingi alitusimamisha kwenye kona tukiikosea methali hiyo. Lakini wahenga hawakuwahi kuketi katika ukumbi wa sinema wa mjomba wangu. Pale, aliyeondoka ndiye anayehudumiwa kwanza.

Mimi ni mfasiri wa filamu. Si yule wa kuandika maneno madogo chini ya picha, hapana. Mimi hutafsiri kwa mdomo, huku filamu inakwenda. Naketi kwenye kizimba cha mbao kando ya skrini: stuli, taa ndogo yenye shingo ndefu, glasi ya maji ya vuguvugu, na kipaza sauti kilichovishwa kitambaa ili pumzi zangu zisivume kama gurudumu linalotoa upepo. Wao wanasema kwa lugha yao, mimi nasema kwa yangu. Nakuwa mfalme, nakuwa mjakazi, ikibidi nakuwa farasi. Nina stashahada ya ukalimani, nilifaulu vizuri, na sioni sababu ya kuificha. Kizimba chenyewe nilikirithi kwa babu mzaa mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Kipaza.

Pamoja na kizimba nilirithi sharti moja: ukumbini kwetu hafi mtu bila kutajwa.

Lilianza hivi. Vita vilipokwisha, Babu alifungua tena ukumbi, ukuta mmoja ukiwa bado na matundu, akaonyesha filamu ya mapanga. Mtu mmoja akaanguka kule nyuma ya shujaa, mtu wa kupita tu, asiyepewa hata neno. Mwanamke akauliza gizani, "Huyo alikuwa nani?" Babu hakujua. Waliotengeneza filamu wenyewe hawakujua. Lakini mwanamke yule hakuwa anauliza habari za filamu, na Babu alilitambua hilo upesi. Akasema, "Huyo alikuwa mwashi. Mkewe mkali, na leo atamnunia kwa kuchelewa." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza wote kwa mpigo, kisha yakaanza kusikika makamasi. Tangu siku hiyo, kila anayeanguka kwenye skrini yetu hupewa kazi yake au udugu wake, sentensi moja, na hadithi huendelea. Wageni hushangaa. Wenyeji wasiposikia hudai, kama mtu aliyepunjwa dukani.

Sasa nije kwenye filamu yenyewe.

Mabango yake yalibandikwa mtaa mzima mwezi uliotangulia: mji unaungua, na juu yake mabawa meusi yametandazwa kama mwavuli wa mashetani. Nilikuwa naisubiri kuliko yeyote. Napenda mazimwi, nasema bila haya. Nikiwa mdogo nililia hadithi ilipokwisha zimwi likiwa limeuawa, bibi akasema mtoto huyu ana damu ya ajabu. Kwa hiyo asije mtu akasema niliingia kizimbani na kinyongo. Niliingia kama bibi harusi.

Aliyeileta ni wakala wa kampuni, bwana mmoja aliyevaa suti hata jua likiwa utosini, nasi tukamwita Suti, ila si mbele yake. Alikaa kwenye chumba cha Mjomba, kilichojaa mikebe mitupu ya filamu za zamani, akaeleza shida yake. Kampuni inatafuta sauti moja ya Kiswahili. Sauti moja tu, kwa filamu zake zote, zisikike popote Kiswahili kinaposikika. Jumamosi mchana angekaa ukumbini, na wakubwa zake wangenisikiliza moja kwa moja kupitia simu yake. Wakiipenda sauti, kiti ni changu, na ukumbi wa Mjomba utapata filamu mpya kabla ya kumbi zote.

Nilikitaka kiti kile. Nilikitaka mpaka viganja vikawasha.

"Tafsiri ipo tayari," Suti alisema, akanisukumia bahasha. "Wewe ni kusoma tu."

Nikafungua. Katika ukurasa wa kwanza mwana wa mfalme alikuwa anamwambia mchumba wake: *Wewe umeuvunja moyo wangu katika vipande.*

"Nani kaandika hii?"

"Kompyuta. Halafu kuna mtu aliipitia."

"Alipita kweli huyo. Tena mbio."

Mjomba akageuza kicheko kuwa kikohozi. Suti hakukasirika, alikuwa mtu wa kazi.

"Lugha rekebisha upendavyo," akasema. "Ila jambo moja. Nimesikia mna mchezo wa kutaja maiti. Siutaki. Filamu hii ina vita, wanakufa wengi. Ukiwataja wote tutahamia hapa."

"Si mchezo."

"Uite unavyotaka, dada yangu. Kampuni inatafuta sauti. Haitafuti msiba."

Mjomba alinitazama, kisha akatazama dari, ambayo inavuja na ambayo filamu mpya zingeitibu. Nikasema sawa, sitawataja.

Nyumbani nilimkuta mama kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni. Mama yangu ni fundi wa nguo, na huzungumza na pini mdomoni vizuri kuliko watu wengi wasio na kitu.

"Ni filamu ya vita?" akauliza.

"Ya mazimwi, mama. Vita viko pembeni tu."

"Vita vina pembeni?"

Yeye na Mjomba walikuwa na mdogo wao wa kiume. Nyumbani huitwa Kitindamimba tu, kana kwamba ndilo jina alilopewa. Alikufa vitani, chini ya meza. Hayo ndiyo yote tuliyowahi kuambiwa sisi watoto, na tulijua kutouliza zaidi.

"Nitakuja Jumamosi," mama akasema, akang'ata uzi. "Siku nyingi sijakusikia."

Jumamosi mabenchi yalijaa hadi watu wakakaliana mapajani. Mstari wa mbele alikaa fundi baiskeli tunayemwita Breki, kwa sababu mdomo wake hauna. Mama alikaa katikati, mkoba magotini. Suti alikaa karibu na kizimba changu, simu ameishika juu kama mtu anayetafuta mtandao. Mjomba akapanda kwenye chumba cha mashine. Taa zikazimwa.

Nitatenda haki: mwanzo wake ulikuwa mtamu. Chini ya kisima kulikuwa na macho. Macho tu, yanapepesa. Kisha sauti. Mji umezingirwa na maadui, na mwana wa mfalme ameteremka kwa kamba kuliomba zimwi ushindi. Zimwi linataka malipo: kivuli chake. Atashinda, lakini kuanzia siku hiyo atatembea juani bila kivuli, na kila mtu atajua alichofanya.

Haya! Zimwi lenye akili! Nililitolea sauti kutoka kwenye kisigino, polepole, kila neno nimelilowesha kwanza. "Mimi sili nyama, mwanangu. Nyama inaoza. Nipe kile kinachokufuata." Ukumbi uliganda. Breki mwenyewe alifunga mdomo. Kwa jicho la pembeni niliona Suti anasoma kitu kwenye simu, akaniinulia kidole gumba.

Kisha vita vikaingia mtaani, na filamu ikaanza kuoza kuanzia kichwani, kama samaki.

Wa kwanza kuanguka alikuwa mwanamume mwenye pengo la jino la mbele, penseli sikioni. Alikufa mdomo wazi. Ulimi wangu ulishainuka wenyewe kumtaja, nikaumeza.

"Na huyo?" Breki akauliza.

Nikasoma maneno ya mwana wa mfalme.

"Dada, na huyo?"

Nikaendelea. Wakaanguka wawili kando ya mkokoteni. Akaanguka mwanamke aliyebeba ndoo. Wakaanguka wengi kwa pamoja, kama nguo zilizokatikiwa kamba, na kamera haikugeuza hata shingo. Ilikuwa inamfuata kijana wetu, nywele zake zinapepea vizuri, moshi unampisha. Askari waliwasha moto paa baada ya paa. Maandishi yakasema: *Tazama, hata moto una huzuni.* Nikayasema. Nikasikia mabenchi yanalia. Nawajua watu wangu: walikuwa wanageuka kutazamana.

Kisha tukaingia kwenye nyumba. Meza. Chini ya meza, mtoto, magoti yamegusa kidevu. Buti zikaja. Askari akainama. Na kamera ikainuka! Ikapita dirishani kama mgeni asiyetaka kusumbuliwa, ikapaa juu ya mapaa, mpaka kwenye mabawa ya zimwi yaliyotandazwa mbele ya mwezi, na vinanda vikaanza. Ilikuwa ndiyo picha ya kwenye mabango. Suti alitikisa kichwa kwa raha. Mstari wangu uliofuata ulikuwa: *Uzuri na maumivu ni mapacha.*

Nilifungua mdomo kuusema.

"Na huyo?"

Hakuwa Breki. Sauti ilitoka katikati ya ukumbi, wala haikuwa kubwa. Mama yangu hajawahi kusema neno ndani ya ukumbi ule tangu nizaliwe. Hata kupiga chafya hutoka nje.

Nikayaweka maandishi chini ya stuli.

"Huyo," nikasema kwenye kipaza sauti, "alikuwa kitindamimba kwao." Hapo nikakwama, maana zaidi ya hapo sikujua.

"Alikuwa anajifunza kusoma saa," mama akasema. "Mshale mfupi alishauelewa. Mrefu bado."

Nikayarudia neno kwa neno, ukumbi mzima usikie. Hiyo ndiyo kazi yangu: mtu akisema, wote wasikie.

Vinanda vilikuwa bado vinalia kwenye skrini. Hakuna aliyevisikiliza.

"Na sasa turudi kwa wale tuliowaruka," nikasema. "Yule mwenye pengo na penseli alikuwa seremala. Hakuwahi kumaliza kabati la mkewe, na mkewe hakuwahi kumaliza kumkumbusha. Wale wawili wa mkokoteni ni mtu na shemeji yake, hawakuwa wanasemezana. Mama wa ndoo alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwake."

Pumzi ikarudi ukumbini. Suti alikuwa amesimama, mkono mmoja umefunika simu.

"Rudi kwenye maandishi," akaninong'oneza kwa ukali.

"Nakuja. Kuna foleni."

Akaondoka mbio kwenda kwenye chumba cha mashine. Nikamsikia anagonga. "Zima! Nasema zima!" Na Mjomba akajibu kwa sauti ya mtu asiye na haraka: "Mashine hii bwana, ukiizima ikiwa moto haiwaki tena mpaka wiki ijayo." Mashine ile unaweza kuizima kwa kisigino na kuiwasha kwa kidole. Nilipigania kicheko kisiingie kwenye kipaza sauti.

Wakaendelea kufa, na sasa ukumbi ukanisaidia, kwa sababu walikuwa wengi mno kwa mdomo mmoja. "Mwokaji mikate!" akaita mmoja. "Huyo dereva, tazama anavyogeuka!" "Huyo babake na yule!" Nami nayapokea, nayapitisha. Mwana wa mfalme alikuwa anasema jambo refu kwa mchumba wake, mkono kifuani. Hata leo sijui alisema nini.

Ndipo Breki akasimama juu ya benchi.

"Subirini! Subirini kwanza! Huyo si seremala?"

Tukatazama. Uwanjani, kando ya lango, alikuwa ameanguka muuza maji mwenye kilemba. Pengo la jino la mbele. Mdomo wazi.

"Ndiye!" wakapiga kelele.

"Kafufuka!"

"Kabadilisha kazi!"

"Useremala haulipi!"

Na haikupita muda, kwenye mapambano ya mwisho, akaanguka askari wa upande wa maadui, kofia ya chuma ikamtoka kichwani, na mdomo ukafunguka: pengo lile lile. Ukumbi ulipasuka. Watu waliegemeana, wengine walikaa chini. "Mhurumieni jamani," Breki alikuwa analia machozi, "mtu wa watu, kila msiba yumo, hata wake mwenyewe!"

Nilicheka nami, kwenye kipaza sauti, wakubwa wa Suti wakisikiliza. Lakini huku nacheka nilikuwa nimekwishaielewa filamu ile yote. Hawakuwa na haja ya watu wengine wa kufa. Walimwamini mtazamaji: atatazama nywele za kijana, atatazama mabawa, ya chini hatayaona. Hawakujua kwamba kuna mahali duniani ambako wafu hutazamwa kwanza na shujaa baadaye.

Mwisho wake sikuugusa. Niliyachukua maandishi chini ya stuli nikautafsiri kwa uaminifu kabisa, kila neno, hata yale mabaya. Zimwi linapiga magoti na kukiri kwamba vita vyote vilikuwa kosa lake, liliwaroga askari. Uchawi unawatoka. Askari wanaamka, wanaitazama mikono yao, wananawa kisimani, wanacheza na wasichana wa mji. Na zimwi linamrudishia mwana wa mfalme kivuli chake. Bure! Kama muuza duka anayekurudishia mzigo wako kwa sababu anataka kufunga. Zimwi langu, lililonisisimua kuanzia kisigino, likaishia kuwa kitambaa cha kufutia mikono ya watu.

Taa zikawaka. Hakuna aliyepiga makofi.

"Kwa hiyo," Breki akauliza, ameshachoka kucheka, "hakuna aliyeua?"

"Zimwi," mtu akamjibu.

"Mimi sikuona zimwi limeshika kiberiti."

Watu wakatoka taratibu. Wengine walipita kwa mama, wakamshika mkono, wakaenda zao.

Tukakutana kwenye chumba cha mikebe mitupu: mimi, Mjomba na Suti. Suti alikuwa amevua koti, na bila koti alionekana mtu tu, aliyechoka, mwenye wakubwa.

"Umeniaibisha," akasema. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, nami nimevunja. Hilo ni kweli."

"Watu wamecheka mauaji! Mauaji, dada yangu! Filamu ya huzuni!"

"Wamecheka uvivu. Kwenye mauaji walinyamaza. Hukusikia? Ulikuwa unagonga mlango."

Akafuta uso kwa kiganja. "Sikiliza. Wakubwa wamekasirika. Lakini sauti wameipenda. Lile zimwi kisimani, mmoja wao kasema nywele zilimsimama. Wanasema kiti bado ni chako. Wanataka kitu kimoja tu: uombe radhi. Kwa sauti yako. Nirekodi hapa hapa, niwatumie, yaishe." Akaiweka simu mezani, kidole juu ya kitufe.

Mjomba alisogea karibu yangu.

"Mpwa wangu," akasema kwa upole, "ni neno moja. Neno halivunji mfupa. Kesho utakuwa unasikika kila mahali, na ukitaka kuwataja wafu, utakuwa na pa kuwatajia."

Alikuwa na hoja, Mjomba. Simkatalii. Na dari juu yake ilikuwa na duara la kahawia, kubwa kama sinia, linalokua kila masika. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkoba mkononi.

"Dada, mwambie mwanao," Mjomba akamwomba.

"Nimwambie nini?" mama akasema. "Na wewe ulikataa kuzima mashine."

Mjomba akaanza kupanga mikebe iliyokuwa imepangwa tayari.

"Haya," Suti akasema, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka kwenye simu. "Sema."

Nilisogea mbele, umbali ule ule ninaouacha kati ya mdomo na kipaza sauti, maana kazi ni kazi.

"Shikamooni wakubwa," nikasema. "Hapa ni mfasiri. Zimwi lenu lilikuwa zuri, na nililipa sauti nzuri kuliko mlivyostahili, kisha mkaliharibu. Mlilipa kivuli, mkakirudisha. Mliwapa askari viberiti, mkasema ni uchawi. Mlimweka mtoto chini ya meza mkapita dirishani. Na yule bwana mwenye pengo mpeni salamu zetu. Huku kwetu ni seremala, na kabati la mkewe linamsubiri. Mkitengeneza nyingine, leteni watu wa kutosha, kila mtu na kifo chake. Nikiitafsiri mimi, nitawataja wote."

Suti alikuwa ananionyesha kwa mkono: samahani, samahani, malizia na samahani.

"Mwenzenu hapa anataka nimalizie kwa kuomba radhi," nikasema. "Kiti chenu nilikitaka, na bado nakitaka. Radhi siombi."

"Ni hivyo tu?" Suti akauliza, taa nyekundu bado inawaka.

"Ni hivyo tu. Siombi."